Kutoka Dodoma kwenda Mafia au Pemba kwa ndege ndogo, fanya hivi

Mbukwa wadau. Hii naiandikia watu wa huku kati, watumishi wa mji wa serikali Mtumba mnaopangiwa semina Pemba, vijana wa chuo kikuu UDOM mnaotaka kwenda kumuona papa potwe, yule papa mkubwa wa baharini, kule Mafia, na nyie mnaofunga ndoa karibuni mnatafuta pa kwenda fungate. Huku tumezoea basi na saivi treni, ndege tunayoijua wengi ni ile ya kwenda Dar unapewa juisi na kibiskuti unashuka. Ndege za visiwani ni habari nyingine kabisa. Ile kubwa inakuvumilia mambo mengi, hii ndogo haikuvumilii hata kilo tano, haibishani na mawingu, na jua likizama imeshalala. Nimeona watu wazima wanagombana na binti wa kaunta kwa kitu ambacho wangekijua tangu wako nyumbani Area D wasingetoka jasho.

1. Chagua kisiwa kwanza, ndo utafute ndege

Kama safari yako inaishia Unguja, sema ukweli wako, huna ulazima wa ndege ndogo. Air Tanzania na Precision Air wanaenda, na boti za Azam kutoka Dar zinavuka kwa masaa mawili hivi. Ndege ndogo Dar mpaka Unguja inakaa hewani dakika 20 tu, ila ukiweka foleni ya Nyerere Road na muda wa kusubiri uwanjani unakuta umetumia muda uleule na hela imetoka mara mbili au zaidi. Mimi ningepanda boti nikapigwa na upepo, hiyo hela nikaitunza.

Mafia na Pemba ndo ndege ndogo inalipa. Mafia kwa njia ya maji inabidi ushuke mpaka Nyamisati kule Kibiti, ukae kwenye boti au kivuko masaa, na bahari ya kule kipindi cha upepo wa kusi sio ya kuchezea kama tumbo lako lina matatizo. Kwa ndege ni nusu saa na kitu kutoka Dar. Pemba vilevile, kuna meli mpaka Mkoani, lakini kutoka Unguja kwa ndege hujamaliza kusimulia story moja umeshafika Chake Chake.

Majina utakayoyasikia sana ni Auric Air na Coastal Aviation, na ndege wanayoitumia zaidi ni Cessna Caravan, ina injini moja mbele, mbawa ziko juu, inabeba abiria 12 au 13 hivi. Msiogope hiyo injini moja, ni injini ya tabini (turbine), aina hiyohiyo ya ndege inafanya kazi hizi za vichochoroni dunia nzima.

2. Fika Dar siku moja kabla

Hapa sina utani. Kama ndege yako ya kisiwani ni ya asubuhi, lala Dar. Kutoka Dodoma una njia tatu. Ndege ya kwenda Dar ni kama saa moja. Treni ya SGR ambayo imeanza kufika kwetu 2024, ile ya haraka inachukua masaa matatu na nusu hivi. Basi unajijua mwenyewe. Mimi nasema treni ya mchana, unafika Dar bado mapema, unalala kwa ndugu au gesti ya karibu na uwanja, maeneo ya Kipawa na Vingunguti hayakosi vyumba vya bei ya kawaida.

Watu wengi wanajidanganya hivi: ndege ya Dodoma inatua Dar saa nne, ya Mafia inaondoka saa tano na nusu, si inatosha. Haitoshi, kwa sababu hizo ni tiketi mbili za makampuni mawili yasiyojuana. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri na haikuombi msamaha, tiketi imekufa. Begi nalo halihamishwi, unalisubiri mwenyewe, unalibeba mwenyewe. Alafu kitu ambacho wageni wa uwanja wa Dar hawakijui, ndege kubwa za ndani na hizi ndogo hazikai jengo moja. Terminali 3 ile mpya ya 2019 ni ya safari za nje, Terminali 2 ndo utashukia ukitoka Dodoma, na ndege ndogo nyingi zinaondokea Terminali 1, lile jengo la zamani upande mwingine kabisa wa uwanja, huwezi ukaburuta begi kwa miguu ukafika salama. Toka nje chukua bajaji au teksi, mwambie waziwazi Terminali 1, ukisema "airport" tu atakupeleka anapojua yeye. Na bado kasome tiketi yako imeandika terminali gani maana mambo haya wanayabadilisha.

Kwa upande wa kuondokea, uwanja wetu wa Dodoma uko mjini kabisa kwa hiyo watu wamezoea kutoka nyumbani dakika za mwisho. Uwanja mpya wa Msalato, ulio nje ya mji, ukishika kazi hiyo tabia itawagharimu, muiache mapema.

3. Kukata tiketi

Nunua kwenye tovuti yao au piga simu ofisini, malipo wengi wanapokea kwa simu na kwa kadi. Kabla hujalipa uliza haya, na uyaulize kwa maandishi ya WhatsApp ili ubaki na ushahidi: bei hiyo ina kodi na tozo za uwanja ndani au kuna nyingine nitalipia pale pale? Nikibadilisha tarehe nakatwa ngapi? Nikiahirisha narudishiwa? Kilo ngapi, na mkoba wa mkononi umo humo humo au uko nje? Kuna bei ya mkaazi? Hilo la mwisho watu wanalipuuza. Kampuni hizi zinaishi kwa watalii na bei ya kwanza unayoiona mtandaoni inaweza kuwa imeandikwa kwa dola kwa ajili yao, mtanzania mwenye kitambulisho anaweza akawa na bei yake. Kuuliza hakukati ulimi.

Jina kwenye tiketi liwe lile la kwenye kitambulisho. Sio "Mama Neema", sio jina la fesibuku. NIDA, paspoti, leseni au kadi ya mpiga kura vinatembea, mtoto beba cheti cha kuzaliwa. Kumbuka pia kuingia Zanzibar utaulizwa kitambulisho hata kama wewe ni mtanzania wa kuzaliwa Kondoa, kwa hiyo kisiwe chini ya begi. Mkiwa na rafiki raia wa nje mwambieni kuna bima ya lazima ya Zanzibar kwa wageni tangu Oktoba 2024, ni dola 44, ainunue kabla hajafika. Sisi haituhusu.

Muda wa tiketi unaandikwa kwa mtindo wa masaa 24. 07:15 ni saa moja na robo asubuhi, 13:40 ni saa saba na dakika 40 mchana. Mtu akiona 07:15 akafika saa saba mchana atakuta wenzake wameshakula pweza.

Chagua ndege ya asubuhi. Mchana joto likipanda na mawingu yakijenga ndege inarukaruka zaidi, na ndege hiyohiyo moja inakuwa imezunguka visiwa vyote tangu alfajiri, kila kituo ikichelewa dakika kumi, wewe wa jioni unazilipia zote. Alafu ndege za visiwa vidogo zinafanya kazi mchana, ikisogea sana kuelekea jua kuzama wanaipeleka kesho. Miezi ya masika, kuanzia Machi mpaka Mei, weka siku ya akiba kila upande. Sisi huku mvua ikinyesha tunashangilia mahindi na mtama, kule Mafia mvua ikinyesha rubani anakunja mikono anasubiri.

4. Kilo, kilo, kilo

Hapa ndo penyewe. Ndege kubwa kwenda Dar unaachiwa kilo 23. Caravan kwa kawaida ni 15, na kampuni nyingine wanahesabu mpaka mkoba wako wa laptopu humo humo. Sio roho mbaya. Ndege yenyewe ikiwa na mafuta, watu na mizigo yote haitakiwi kuzidi tani nne hivi, na sio uzito tu, ni uzito umekaa wapi. Mizigo ikijaa nyuma, pua inainuka. Ndo maana na wewe mwenyewe unaweza ukaambiwa upande kwenye mzani, na viatu vyako, mbele za watu. Panda tu kimya kimya. Yule binti anaandika namba kwenye karatasi, hajali kama umenenepa, na tafadhali usimdanganye kilo zako kwa aibu kwa sababu hiyo karatasi ndo rubani anaitumia kupanga nani akae wapi.

Begi liwe laini. Begi la kuvuta lenye magamba magumu na matairi manne ni tatizo mara mbili, lenyewe tupu lina kilo tatu au nne, na sehemu ya mizigo ya Caravan ni lile tumbo la chini na kanafasi kidogo nyuma, begi gumu halikunjiki likaingia. Chukua begi la kitambaa lile la michezo au hata la mgongoni. Pima nyumbani kabisa, kama huna mzani wa kuning'iniza nenda kwa muuza nafaka yeyote Majengo au Sabasaba umwombe akupimie, hatakukatalia.

Sasa tatizo letu watu wa Dodoma ni zawadi. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, naelewa. Lakini chupa moja ya mvinyo wa kwetu ni kilo moja na robo, chupa nne umeshamaliza kilo tano, na unaenda Pemba ambako mwenyeji wako pengine hata kuishika hataki, fikiria kidogo. Zabibu mbichi zinapondeka na kutoa maji, ukilazimisha ziweke kwenye kontena gumu na uzibebe mkononi. Karanga, ubuyu, mlenda mkavu, hivyo ndo vinasafiri vizuri, vyepesi na kule vinapendwa. Asali funga mara tatu ndani ya chombo cha kufunga kwa kuzungusha, sio dumu la maji lenye kifuniko cha nailoni, coz ndege hii haina mgandamizo wa hewa kama zile kubwa, ikipanda hewa ndani ya chombo inatanuka na kifuniko dhaifu kinaachia.

Ukizidisha kilo kuna vitu vitatu vinaweza kutokea. Unalipia kila kilo iliyozidi, kama nafasi ipo. Nafasi hamna, begi linabaki linakuja na ndege inayofuata, inaweza ikawa mchana, inaweza ikawa kesho. Au kama una mzigo mzito kweli, vifaa vya semina, kamera, spika, waambie mapema, wengine wanakuuzia siti nzima ya mzigo. Kwa hiyo dawa, hela, chaja, nguo moja ya kubadili na karatasi za semina vikae kwenye mkoba unaoingia nao. Powabenki lazima iwe mkononi, kwenye begi la chini hairuhusiwi. Kiberiti cha gesi, petroli, mtungi, hata usijaribu.

5. Siku yenyewe

Fika uwanjani dakika 90 kabla ya muda wa ndege. Wanafunga kaunta mapema, na kuna jambo la ajabu kidogo la ndege hizi, abiria wote wakishafika inaweza ikaondoka kabla ya muda. Usiende kunywa soda nje.

Nenda chooni. Narudia, nenda chooni, Caravan haina choo. Hamna mhudumu pia, hamna juisi, maji ya kunywa beba kachupa kadogo baada ya ukaguzi. Boding pasi inaweza ikawa kikadi cha plastiki cha kurudisha, bila namba ya siti, usishangae. Unatembea kwa miguu mpaka kwenye ndege, unapitia mlango wa nyuma kwa vingazi vidogo, unainama. Mrefu ulinde kichwa.

Rubani anawapanga. Anaweza akakunyooshea kidole "wewe kaka njoo mbele", ukakaa siti ya pembeni yake kabisa mbele ya usukani wa pili. Ni bahati hiyo, ila mikono weka mapajani na miguu irudishe nyuma, pale chini kuna pedali na sio za mapambo. Kamba ya kamera au ya mkoba isining'inie. Ukipata kuchagua na unaenda Mafia, kaa kulia, utaona delta ya Rufiji yote, mito inavyojigawa kwenye mikoko mpaka maji ya udongo yanakutana na ya bluu. Mbawa ziko juu kwa hiyo hamna kinachokuziba.

6. Ndani ya ndege

Rubani anageuka nyuma mwenyewe anawaambia mikanda, milango, na jaketi la kuokolea lilipo. Lisikilize hilo la jaketi, mnavuka bahari. Jambo moja tu la kushika: likihitajika unalivaa ndani lakini unalijaza upepo ukishatoka nje, sio ndani.

Chini kabla ya kuruka kuna joto la kuchemsha yai. Ndege ikiruka linapoa. Kelele ni nyingi, kama wamewapa za kuziba masikio vaa. Masikio yakiziba wakati wa kushuka meza mate, tafuna bigijii, mtoto mchanga mpe anyonye. Ukipanda ndege wakati wa kaskazi au kusi inavuma vizuri utarushwa kidogo, hasa ikikaribia ardhi, hiyo ni kawaida yake, angalia mbali kwenye mstari wa bahari na mbingu na sio kwenye simu. Mfuko wa kutapikia uko mbele yako kwenye mfuko wa siti, na aliyekula chipsi mayai saa kumi na mbili asubuhi ndo huwa anautafuta wa kwanza. Kula chapati moja na chai ya rangi inatosha.

Njia nyingine zinaunganishwa kama daladala, Dar, Unguja, Pemba, hata Tanga huko mbele. Ndege ikitua usiinuke tu kwa sababu jirani kainuka, uliza "hapa ni wapi". Na ukishuka hakikisha begi lako limetolewa kabla ndege haijafunga mlango, simama pale uone kwa macho, maana kama limesahaulika tumboni linaenda Tanga bila wewe.

7. Ukiwa kisiwani

Siku moja kabla ya kurudi piga simu au tuma ujumbe kuthibitisha muda. Ratiba zinasogea kwa nusu saa, saa nzima, kulingana na abiria, na ujumbe wao unaweza ukaenda kwenye email ambayo hujaifungua tangu chuo.

Mliopiga mbizi na mitungi, msiruke mpaka yapite masaa 18, na wengi wanashauri 24 kabisa. Gesi iliyoyeyuka mwilini inatoka vibaya ukipanda juu, hata kwenye ndege ndogo hizi. Kuogelea juu juu na papa potwe, wale wa Kilindoni pale Mafia wanaoonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, hiyo haina shida, toka majini panda ndege.

Cash beba ya kutosha, Mafia sio Dar, ATM ni za kuhesabu na ikigoma imegoma.

Alafu vya kurudi navyo. Kilindoni nilimuona mama mmoja kaja kaunta na ndoo ya lita 20 ya pweza, imefungwa kwa khanga na kamba ya katani, maji yanachuruzika mpaka kwenye mzani. Kaka wa kaunta kaangalia ndoo, kaangalia sakafu, akamwambia "shikamoo mama, hii hapana". Maji ya chumvi ndani ya ndege yanakula chuma, na hilo hawajadiliani hata na mheshimiwa. Akaenda nje akapata boksi la foili kwa kijana mmoja, wakapunguza, wakagandisha, wakazungushia gundi, akapita. Kwa hiyo samaki na pweza vigandishwe usiku, nailoni mbili, boksi gumu, gundi pande zote. Kutoka hapo mpaka Dodoma una treni pia, pweza asiyegandishwa atawatambulisha behewa zima.

Pemba, karafuu. Chache za kuweka kwenye pilau nunua dukani uchukue risiti, gunia la magendo usiguse, biashara ya karafuu Zanzibar inasimamiwa na shirika lao la ZSTC na wako makini kweli. Makombe, matumbawe, magamba ya kasa, acha yalipo, Mafia ile ni hifadhi ya bahari tangu 1995.

8. Ikiharibika

Wakisema ndege haiendi kwa sababu ya hali ya hewa, kubali, hakuna rubani anayependa kulala Kilindoni bila mpango. Omba wakuandikie ndege ya kesho hapohapo kabla foleni haijawa ndefu, na uliza gesti iko juu ya nani. Kama sababu ni yao, ndege mbovu au wameuza siti zaidi, uliza kwa upole na uombe jibu la maandishi, mkishindwana kuna TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na baraza lake la watumiaji wa usafiri wa anga, huko ndo malalamiko yanapelekwa. Tunza tiketi, risiti na zile meseji.

Begi likibaki, jaza fomu pale kaunta kabla hujatoka, andika rangi, kitu cha kulitambulisha, na namba mbili za simu. Mara nyingi wanachoahidi ni kulifikisha Dar tu, Dodoma ni juu yako. Tafuta ndugu aliyeko Dar alifuate Terminali 1 na kopi ya kitambulisho chako kwenye simu yake, alipeleke stendi ya Magufuli Mbezi, alikabidhi kwenye basi la usiku akutumie picha ya risiti na namba ya gari, asubuhi unalichukua stendi ya Nanenane.